Tumaini la Ufufuo katika Sharika za Kilimanjaro na Meru

Kila usharika unaotimiza miaka mia moja una kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza imo katika vitabu vinavyotunzwa ofisini: ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Ya pili imo ardhini, katikati ya migomba na kahawa, penye masale na misalaba. Msomaji wa historia hii ameonyeshwa katika sura nyingine jinsi majengo yalivyojengwa, shule zilivyofunguliwa na watumishi walivyofuatana. Sura hii inahusu jambo ambalo halipimwi kwa matofali wala kwa sadaka, nalo ni jinsi Wakristo wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru walivyojifunza kuwazika wapendwa wao wakiwa na tumaini.

Anayetaka kuijua imani ya watu asiwasikilize siku ya arusi tu, bali asimame nao kaburini. Huko maneno mengi hukoma, na yale yanayobaki ndiyo watu wanayoyaamini kwa kweli.

WAFU KABLA YA KUJA KWA INJILI

Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 hawakuwakuta watu wasiojua habari za maisha baada ya kifo. Wachagga walimjua Ruwa, waliyemheshimu kuliko wote, na waliwajua warumu, yaani wazee waliotangulia. Hao warumu hawakuhesabiwa kuwa wamepotea. Walikuwa bado wa ukoo, wakila na kunywa kwa njia ya sadaka ya mbuzi na pombe, wakikasirika wakisahauliwa, wakibariki wakikumbukwa. Ugonjwa ulipoingia nyumbani, swali la kwanza lilikuwa: ni nani kati ya wazee aliyedai, na anadai nini?

Maziko yenyewe yalifuata cheo cha mtu katika ukoo. Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, aliandika mengi juu ya mila hizo, na Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, alifanya hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1924. Kwa desturi ya zamani, baba au mama mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba, na baada ya muda mifupa yake ilitolewa ikawekwa kwa heshima katika kihamba, mahali palipotambulikana kwa mawe na masale. Hapo ndipo wajukuu walipokwenda kuzungumza naye. Lakini kijana aliyekufa kabla ya kuoa na kuzaa hakustahili heshima hiyo. Mwili wake ulifungwa kwa majani ya migomba, ukalazwa migombani. Asiyeacha mtoto hakuwa na wa kumtolea sadaka, na asiye na wa kumtolea sadaka jina lake lilikwisha upesi.

Kwa majirani wa tambarare, Wamaasai, mambo yalikuwa tofauti zaidi. Mwili wa mtu wa kawaida ulipakwa mafuta, ukapelekwa porini na kuachiwa fisi; laiboni mkuu na watu wachache wenye heshima kubwa ndio waliofukiwa kwa mawe. Mpita njia aliongeza jiwe juu ya rundo hilo kama salamu.

Haifai kuzicheka mila hizi. Zilikuwa na hekima yake. Ziliwafundisha watoto kuwa mtu si wa leo tu, na kwamba anayeishi ana deni kwa waliomtangulia. Masale yaliyopandwa kaburini ndiyo yaliyotumika pia kuweka mipaka ya mashamba na kuomba msamaha kati ya waliogombana, kwa hiyo kaburi, ardhi na amani vilishikana. Hata hivyo ndani ya hekima hiyo palikuwa na hofu mbili. Walio hai waliwaogopa wafu, maana mfu aliyechukizwa angeweza kuidhuru nyumba. Nao wasio na uzao waliogopa kufa, kwa kuwa kwao kifo kilikuwa mwisho wa jina. Mahubiri ya ufufuo yaligusa hofu hizi mbili.

USIKU WA AKERI, 1896

Katika nchi ya Meru habari za ufufuo zilitanguliwa na makaburi. Mwezi Oktoba 1896 vijana wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walivuka kutoka Kilimanjaro kwenda kutafuta mahali pa kuanzisha kituo. Wote wawili walikuwa wametoka nchi za Bahari ya Baltiki, na Ovir alikuwa Mwestonia. Walifuatana na wenzao wa Kichagga. Karibu nao alipiga kambi Kapteni Johannes, kamanda wa Kijerumani wa Moshi, pamoja na askari wake. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba mashujaa wa Kiarusha na wa Kimeru walishambulia. Kambi ya askari iliwashinda washambuliaji. Hema la wamisionari halikuwa na ulinzi. Ovir na Segebrock waliuawa hapo Akeri, na wenzao wa Kichagga waliuawa pamoja nao.

Kanisa limewaita mashahidi, na Akeri pamekuwa mahali pa kumbukumbu. Ni haki kufanya hivyo. Lakini historia iliyo kamili haiwezi kuishia hapo. Mashujaa wale waliona wageni wenye Biblia na wageni wenye bunduki wakija kwa njia moja, siku zile zile, na hawakuweza kuwatofautisha. Kisha ikafuata adhabu. Kapteni Johannes aliongoza mashambulizi akiwa na askari wake na wapiganaji wengi kutoka Kilimanjaro. Watu waliuawa, ng'ombe walichukuliwa, migomba ilikatwa, nyumba zilichomwa. Waliokufa Meru na Arusha katika adhabu hiyo walikuwa wengi sana kuliko waliokufa Akeri usiku ule, na makaburi yao hayana jiwe la ukumbusho.

Misioni ilirudi Meru mwaka 1902, ikajenga kituo cha Nkoaranga, na mwaka 1904 ikaanza kazi Arusha. Jambo hili linapaswa kufikiriwa kwa utulivu. Miaka sita tu ilikuwa imepita. Waliokuja kuhubiri walikuja katika nchi ambamo ndugu zao waliuawa. Waliosikiliza walikuwa watu ambao ndugu zao waliuawa kwa kisingizio cha kuwalipizia kisasi hao wamisionari. Pande zote mbili zilikuwa na wafu. Katika hali kama hiyo, mhubiri anayesema kwamba Kristo amefufuka awe limbuko lao waliolala (1 Kor. 15:20) hasemi jambo jepesi. Ama neno hilo linawahusu wote waliolala, yaani Ovir na Segebrock, Wachagga waliokufa pamoja nao, na Wameru na Waarusha waliokufa baadaye, ama limekuwa neno la washindi tu. Kwamba watu wa Meru walilipokea, wakabatizwa, wakajenga makanisa na kuwalea wachungaji, ni ushuhuda kwamba walilisikia kama neno lao pia.

SHAMBA LA MUNGU

Je, wamisionari walileta mafundisho gani hasa? Walileta yale waliyoyapokea kwa Martin Luther. Katika maelezo ya kifungu cha tatu cha imani, kila mwanafunzi wa kipaimara alijifunza kwamba ni Roho Mtakatifu atakayemfufua yeye na wafu wote siku ya mwisho, na kumpa uzima wa milele pamoja na wote wamwaminio Kristo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 17, linasema hivyo hivyo juu ya kurudi kwa Kristo na kufufuliwa kwa wafu wote. Luther alipenda kukiita kifo usingizi. Alikataa biashara ya kuwaombea wafu kwa fedha, na biashara ya hati za msamaha ndiyo iliyomfanya aandike hoja zake 95 mwaka 1517. Lakini hakuwakataza waombolezaji kulia.

Yeye mwenyewe alilia. Mwaka 1542 binti yake Magdalena alifariki akiwa na miaka 13. Luther alikiri kwamba rohoni alifurahi kwa kuwa mtoto yu salama, lakini mwili wake ulikataa kufarijika. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha nyimbo za mazishi, na katika utangulizi wake alieleza kwamba nyumba za ibada na makaburi ya Wakristo si mahali pa kuomboleza kama wasio na tumaini, bali pa kuimba faraja na ufufuo. Desturi ya Walutheri ya kuimba kaburini ilipata nguvu humo. Mtu anayesikia kwaya ya usharika ikiimba kwa sauti nne wakati udongo unafukiwa, na wanawake wakiitikia huku machozi yakiwatoka, anasikia desturi iliyotoka Wittenberg ikapata sauti ya Kiafrika.

Wajerumani waliuita uwanja wa makaburi kwa jina ambalo maana yake ni shamba la Mungu. Wakristo wa kwanza wa Kiyunani nao waliuita mahali pa kulala. Majina hayo mawili yanaeleza imani moja: aliyezikwa amelala, na aliyezikwa amepandwa. Mtume Paulo alitumia mfano wa mbegu, akisema mwili hupandwa katika uharibifu na kufufuliwa katika kutoharibika (1 Kor. 15:42). Kwa mkulima wa kihamba mfano huu haukuhitaji mkalimani. Anajua kwamba mgomba ukishazaa hukatwa, na kwamba chipukizi huwa tayari limesimama kando ya mama yake. Tofauti ni hii tu: mgomba humrithisha mwana, lakini wenyewe haurudi. Injili ilisema zaidi ya mgomba. Ilisema aliyepandwa ndiye atakayeinuka, mwenyewe, kwa jina lake.

Hapo ndipo ulipokuwa ukombozi wa wale wasio na uzao. Katika kitabu cha mazishi cha usharika, mtoto mchanga aliyebatizwa anaandikwa mstari ule ule na mzee wa ukoo. Kijana ambaye hajaoa, mjane asiye na mtoto, mgeni aliyekufa njiani, kila mmoja alipewa sanda, kaburi, ibada, msalaba na udongo uliotupwa mara tatu na mkono wa mchungaji. Hakuna aliyelazwa majanini kwa sababu hakuzaa. Uhai wa mtu haukutegemea tena kama ana wa kumkumbuka, kwa sababu Mungu ndiye anayemkumbuka. Badiliko hili halikutangazwa na serikali wala halikuandikwa magazetini, lakini ni mojawapo ya mabadiliko makubwa yaliyoletwa na Injili katika nchi hizi.

Makaburi yenyewe, hata hivyo, hayakuhamia yote kando ya kanisa. Familia nyingi ziliendelea kuzika kihambani, na wachungaji walikwenda huko na kuvaa majoho yao chini ya migomba. Masale yalibaki, na msalaba ukasimama karibu nayo. Kihamba chenye makaburi hakiuzwi kwa wepesi, na katika kesi za ardhi kaburi la babu limekuwa ushahidi wenye nguvu. Hivyo Injili haikukata uzi uliowaunganisha watu na wazee wao. Ilibadilisha yanayosemwa hapo kaburini: badala ya kumwomba mzee asikasirike, watu humshukuru Mungu kwa ajili yake.

KIYAMA NA UFUFUO

Lugha nayo ilisaidia kazi hii. Kiswahili kilikuwa na neno tayari, kiyama, lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kusimama. Siku ya kiyama ni siku ya kusimama. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyetafsiri Biblia nzima ikatolewa mwaka 1937, alijitahidi kuyaepuka maneno yenye asili ya Kiarabu na kutafuta yenye asili ya Kibantu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, iliyopendwa na kutumiwa zaidi, iliyaweka maneno yote mawili, kiyama na ufufuo.

Ni vizuri kwamba yote mawili yalibaki. Kufufuka ni kurudishiwa uhai, nako kusimama ni kazi ya mtu aliyeheshimiwa. Mtumwa hupiga magoti, mgonjwa hulala, aliye huru husimama. Watu ambao wazazi wao waliona vita, njaa na kazi za kulazimishwa walielewa upesi maana ya kuahidiwa kusimama.

MIILI ISIYO NA MAKABURI

Kuna wafu ambao tumaini hili lilijaribiwa kwao kwa namna ya pekee. Tarehe 2 Machi 1900 serikali ya Kijerumani iliwanyonga watu 19 huko Old Moshi, akiwamo Mangi Meli wa Moshi na viongozi kutoka Kibosho, Meru na Arusha, kwa tuhuma za kupanga maasi. Inaaminika katika ukoo na katika nchi yote ya Uchagga kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Hakuwa peke yake. Mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalipelekwa huko kwa ajili ya uchunguzi wa kulinganisha mataifa, elimu ambayo leo inajulikana kuwa ya uongo. Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayotunza makumbusho ya Prussia ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu yapatayo 1,100. Vipimo vya vinasaba viliwaunganisha baadhi ya hao marehemu na jamaa zao walio hai Tanzania, akiwamo akida mmoja wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Kwa familia hizo, swali la ufufuo si la darasani. Mtu ambaye kichwa chake kimo katika sanduku la ng'ambo na mwili wake haujulikani ulipo, atafufuliwaje?

Kanisa liliulizwa swali hili zamani sana. Mwaka 177, katika mji wa Lyon nchini Ufaransa ya leo, watesaji waliichoma miili ya Wakristo na kutupa majivu katika mto Rhône, wakidhani kwamba kwa njia hiyo wamewanyima tumaini la kufufuka. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyajibu mawazo ya namna hiyo zaidi ya miaka mia mbili baadaye. Alisema Mungu aliyeumba kutoka katika pasipo kitu hashindwi kukusanya kilichotawanyika, hata kama kimeliwa na mnyama au kuchukuliwa na maji. Katika kitabu kidogo juu ya kuwatunza wafu alieleza kwamba maziko mazuri ni faraja kwa walio hai kuliko msaada kwa aliyekufa. Aliongeza, hata hivyo, kwamba mwili usidharauliwe, maana ulikuwa chombo cha Roho Mtakatifu kwa kazi njema.

Mambo haya mawili yanapaswa kushikwa pamoja. La kwanza: hakuna fisi, mto, moto wala kabati la makumbusho linaloweza kumzuia Kristo kumwita mtu wake. Baba na mama wa Kimaasai walioachwa porini, na Wameru waliokufa mwaka 1896 bila mazishi, hawajapotea machoni pa Mungu. La pili: kwa kuwa mwili huo utainuliwa, haifai kuuchezea. Kudai mafuvu yarudishwe na kuzikwa si ushirikina wala siasa tupu. Ni tendo linalopatana na imani ya ufufuo. Yusufu wa Arimathaya aliuomba mwili wa Yesu kwa mtawala aliyeamuru auawe (Marko 15:43), na Kanisa halijamlaumu.

PALE KANISA LILIPOPUNGUKIWA

Kitabu cha ukumbusho kinachosifu tu hakiwasaidii watoto watakaokisoma. Kanisa lililowapa makaburi wasio na uzao liliweka lenyewe, baadaye, mpaka mwingine kaburini. Katika sharika nyingi mtu aliyekuwa chini ya nidhamu ya kanisa, kwa mfano kwa sababu ya ndoa isiyobarikiwa au ya mitala, alizikwa bila mchungaji, bila kengele na bila kwaya. Mara nyingine jamaa waliimba wenyewe kwa sauti ndogo, wakiogopa kulaumiwa. Nia ilikuwa kuwafundisha walio hai. Lakini aliyekufa hafundishiki tena, na wanaobaki ndio waliobeba aibu. Watoto wengi wa marehemu wa namna hiyo waliliacha Kanisa kwa sababu ya siku moja tu, ile ya mazishi.

Hali hiyo ilionekana wazi zaidi ugonjwa wa UKIMWI ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata hakuna mkoa uliosalimika. Vijana walizikwa na wazazi wao, kinyume cha utaratibu wa maumbile. Wapo wahubiri waliosimama kaburini na kutoa hukumu mbele ya mama aliyetoka kumwosha mwanawe. Wapo pia, na walikuwa wengi, waliojifunza kwa machozi kunyamaza juu ya sababu ya kifo na kunena juu ya Yule aliyekishinda kifo. Ibada ya mazishi haimhukumu marehemu. Hukumu ni ya Kristo, naye hakumkabidhi mchungaji wala baraza la wazee wa usharika.

ROHO TU, AU MTU MZIMA?

Mwaka 1954 chuo cha theolojia cha Kilutheri kilifunguliwa Makumira, si mbali na Akeri, na wachungaji wengi wa sharika hizi walipitia hapo. Miaka ya baadaye chuo hicho kiliingia katika chuo kikuu kilichopewa jina la Tumaini. Jina hilo, karibu na mahali palipomwagika damu ya mwaka 1896, ni mahubiri yanayojitosha.

Wanafunzi wa theolojia wa kizazi hicho walikutana na hoja mbili zilizowasaidia kuitazama upya imani ya nyumbani. Ya kwanza ilitoka kwa Oscar Cullmann, mtaalamu wa Agano Jipya, ambaye katika mhadhara wa mwaka 1955 aliuliza kama Wakristo wanaamini kutokufa kwa roho kama Wayunani, au ufufuo wa wafu kama Mitume. Socrates alikipokea kifo kwa utulivu kama rafiki anayeifungua roho kutoka gerezani mwa mwili. Yesu alitetemeka Gethsemane na kulia, kwa kuwa kifo ni adui. Anayeshinda adui ni mkuu kuliko anayemwita rafiki.

Ya pili ilitoka kwa John Mbiti wa Kenya, katika vitabu vyake vya mwaka 1969 na 1971. Mbiti alitumia maneno ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati huelekea nyuma: mtu akifa huenda pole pole kutoka sasa kuelekea zamani, na akisahauliwa na wa mwisho aliyemjua, huzama kabisa. Ikiwa ndivyo, ufufuo ni habari ngeni kweli kweli. Unasema mbele kuna siku, na kwamba waliozama zamani wataitwa kuja katika siku hiyo. Wapo waliompinga Mbiti wakisema alizidisha, lakini alitambua vizuri sababu ya Injili kushtua na kufurahisha kwa pamoja.

Hoja hizo bado zina kazi leo. Katika matangazo ya vifo hurudiwa maneno kwamba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Ni maneno ya upendo, wala hakuna sababu ya kumkemea mfiwa anayeyasema. Lakini yakibaki peke yake yanapunguza ahadi. Yanazungumzia roho na kuusahau mwili. Yanazungumzia pumziko na kuisahau asubuhi. Imani ya Mitume inakiri kiyama ya mwili. Mtu mzima, mwenye uso wake na jina lake, mikono iliyolima kahawa na mgongo uliobeba watoto, huyo ndiye aliyeahidiwa uzima.

Kuna hatari nyingine za siku hizi. Makaburi ya saruji na vigae yamekuwa mashindano, na familia huingia madeni kwa ajili ya majeneza na vyakula vya matanga huku mjane akikosa karo za watoto. Wengine bado hurudi usiku kumwaga pombe penye masale, kisha asubuhi wakaimba kanisani. Hofu ya kale haijaondoka, imejificha tu. Tena wapo wahubiri wanaoahidi magari na nyumba, wala hawana neno kwa ajili ya kitanda cha mauti. Makosa hayo yote yana chanzo kimoja, nacho ni mtu kukosa hakika kwamba mfu wake yuko mikononi mwema. Mwenye hakika hiyo haogopi mfu, hajionyeshi kwa kaburi, wala hadanganyiki na injili inayoishia hapa duniani.

HITIMISHO

Kizazi cha kwanza cha Wakristo wa Kilimanjaro na Meru kiliachiwa imani hii mapema kuliko kilivyotarajia. Baada ya vita vya kwanza vya dunia wamisionari wengi wa Kijerumani walifukuzwa mwaka 1920, na mara ya pili kazi yao ilikatizwa katika vita vya 1939 hadi 1945. Walimu na wazee wa kanisa walibaki na vituo, na wagonjwa hawakungoja mzungu arudi ndipo wafe. Ilibidi mwalimu wa shule ya kijiji afungue kitabu, asimame kaburini na kutamka mwenyewe kwamba aliyelala ataamka. Kanisa lililoweza kutamka hilo lilikuwa limekomaa. Mwaka 1960 Stefano Moshi aliwekwa kuwa askofu wa Kanisa la Kilutheri la Tanganyika Kaskazini, na mwaka 1963 akawa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, ambalo sasa ni KKKT. Mizizi ya mamlaka hayo haikuwa mikutanoni tu. Ilikuwa pia katika mazishi hayo mengi yaliyoongozwa na walimu wasiojulikana.

Miaka mia moja ni mingi kwa mwanadamu. Hakuna hata mmoja wa waliobatizwa mwanzoni aliye hai leo. Kwa hesabu ya dunia, sherehe ya karne ni sherehe ya watu ambao waanzilishi wake wote wamekufa. Kwa hesabu ya imani, waanzilishi hao hawajatoka katika usharika. Kila Jumapili, mchungaji anapowaalika washarika kwenye Meza ya Bwana wamsifu Mungu pamoja na malaika na jeshi lote la mbinguni, na hao wamo. Wapo waliolala kihambani chini ya masale, waliolala kando ya kanisa, waliouawa Akeri, waliouawa kwa sababu ya Akeri, walionyongwa Old Moshi, na watoto wachanga ambao hakuna picha yao iliyobaki.

Vijana watakaokifungua kitabu hiki miaka mia nyingine ikipita wataikuta misalaba mingine zaidi, ikiwamo ya wale wanaosherehekea leo. Wakisafisha makaburi hayo asubuhi ya Pasaka, wayasafishe kama mtu atengenezavyo chumba cha msafiri anayetazamiwa. Kristo amefufuka katika wafu, naye ni limbuko. Shamba lote ni lake, na mavuno yaja.